Tathmini ya huduma za kutafuta vijenzi vya programu: ni ipi inayomsaidia mtafutaji kukataa upesi?

Mtu anayetafuta kijenzi cha programu, yaani kipande cha msimbo kilichoandikwa na mwingine ambacho anaweza kukichukua na kukiunganisha na kazi yake badala ya kukiandika upya, siku hizi hasumbuliwi sana na kukosa majibu. Kinachomsumbua ni wingi wa majibu yanayofanana kwa sura, ambayo kila moja linamdai muda wa kulisoma, kulijaribu na hatimaye kuliacha. Kwa sababu hiyo, katika tathmini hii sikuzipima huduma za utafutaji kwa idadi ya matokeo zinayoyaleta, wala kwa kasi ya kuyaleta, bali kwa swali moja tu: huduma hii inanisaidia kiasi gani kukataa kisichofaa kabla sijakipakua? Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika kazi hii kuchagua ni sehemu kubwa ya kilimo chenyewe, na jembe baya likishaingia katika programu hutolewa kwa taabu.

Ili ulinganisho uwe wa haki, huduma zote nimezikabili kwa kazi moja. Ninatafuta fanksheni, yaani kipande kidogo cha msimbo kinachopokea data na kurudisha jibu, ambayo inapokea maneno mawili na kurudisha idadi ndogo kabisa ya mabadiliko ya herufi mojamoja, yaani kuongeza, kufuta au kubadilisha, yanayohitajika ili neno la kwanza ligeuke kuwa la pili. Kutoka "kitabu" hadi "vitabu" jibu ni 1; kutoka "mtu" hadi "watu" jibu ni 2, kwa kuwa m inabadilishwa kuwa w kisha a inaongezwa. Kipimo hiki hutumika katika visahihishi vya tahajia na katika kuoanisha majina ambayo yameandikwa kwa namna tofauti kwenye orodha mbili. Kinaitwa umbali wa Levenshtein, kwa jina la mwanahisabati wa Kisovieti Vladimir Levenshtein aliyekieleza mwaka 1965. Nimekichagua kwa sababu wengi wanakihitaji bila kulijua jina hilo, na kwa sababu kina ndugu kadhaa wa karibu wanaofanana nacho kiasi cha kumpoteza mtafutaji asiye mwangalifu.

Wazo la kuwa na maghala ya vipande kama hivi ni la zamani. Mwaka 1968, katika mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika chini ya udhamini wa NATO mjini Garmisch, Ujerumani, Doug McIlroy alipendekeza vijenzi vya programu vizalishwe kwa wingi na kuorodheshwa, ili mhandisi achague kinachomfaa kwa ukubwa, kasi na usahihi anaouhitaji. Maghala aliyoyatamani sasa yapo: CPAN ya lugha ya Perl ilianza mwaka 1995, PyPI ya Python mwaka 2003, npm ya JavaScript mwaka 2010, na siku hizi ni nadra lugha mpya kuzaliwa bila ghala lake. Kilichobaki nyuma ni njia ya kuyaingia.

Njia ya kawaida ni kisanduku cha maneno. Katika npm, mwandishi huorodhesha maneno muhimu ndani ya faili la maelezo ya kifurushi chake (kijenzi kama kinavyowekwa ghalani), na mtafutaji huandika maneno yake mwenyewe akitumaini kwamba yatakutana na yale ya mwandishi. Tumaini hilo ni dogo kuliko linavyoonekana. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walionyesha kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lilelile kukitaja kitu kilekile ulikuwa chini ya asilimia 20. Katika kazi yangu ya kipimo tatizo hilo halijifichi: mmoja atauliza kuhusu umbali, mwingine kuhusu ufanano, wa tatu kuhusu ulinganishaji wa takriban, na wa nne, ambaye alibahatika kusoma somo la algoriti, ataandika jina la ukoo la mwanahisabati na kufika moja kwa moja. Huduma inayompendelea yule anayejua tayari jina la anachokitafuta haijafanya kazi kubwa ya utafutaji.

Upande wa pili wa tatizo ni majina ya vifurushi vyenyewe. PyPI ina kifurushi kinachojulikana sana kiitwacho jellyfish, jina la kiumbe wa baharini, lisilodokeza lolote kuhusu maneno wala herufi. Ndani yake mna umbali wa Levenshtein, ndugu zake wawili, yaani umbali wa Damerau na ule wa Hamming, pamoja na mbinu za kulinganisha maneno kwa matamshi yake. Anayepitia orodha ya majina tu atakipita bila kugeuka, na hatakuwa na kosa.

Kifurushi hichohicho ndicho kilichoonyesha hatari kubwa zaidi ya kutegemea majina. Desemba 2019 iligundulika kwamba ghala hilo lilikuwa na kifurushi kingine ambacho mahali pa l ndogo ya kwanza paliwekwa I kubwa: jeIlyfish. Katika aina nyingi za maandishi ya skrini herufi hizo mbili hazitofautiki kwa macho. Kifurushi hicho cha ulaghai kilikuwa kimekaa humo karibu mwaka mzima, kikiwa na msimbo wa kuiba funguo za SSH na GPG, yaani funguo za siri za kuingilia seva na kusaini faili, ndipo kikaondolewa. Upande wa npm, mwaka 2017 kiliondolewa kifurushi cha crossenv, ambacho kiliiga jina la cross-env kwa kudondosha kistari tu, na kilichokuwa kikituma kwa mlaghai vigezo vya mazingira (thamani za mipangilio) ya kompyuta ya aliyekisakinisha. Kwa kipimo nilichojiwekea, hapa ndipo utafutaji wa jina unapopata alama za chini kabisa. Jina ndilo kitu rahisi kuliko vyote kuigiza, na huduma inayokuonyesha jina pamoja na sentensi moja ya maelezo haikupi msingi wowote wa kukataa. Watumiaji wa Python wanakumbuka kwamba amri ya pip search, iliyotafuta vifurushi vya PyPI kutoka kwenye dirisha la amri, ilizimwa upande wa seva Desemba 2020 kwa sababu ya mzigo wa maombi, na wengi walilalamika. Mimi sikuisikitikia sana, kwa kuwa ilileta majina na maelezo mafupi, vitu ambavyo havitoshi kumwongoza mtu kwenye uamuzi.

Njia ya pili ilitoka kwa wakutubi. Mwaka 1987 Rubén Prieto-Díaz na Peter Freeman walipendekeza vijenzi viainishwe kwa vipengele kadhaa kwa wakati mmoja badala ya kila kimoja kuwekwa kwenye tawi moja la mti wa mada, wazo ambalo asili yake ni mfumo wa uainishaji wa vitabu uliochapishwa mwaka 1933 na mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan. Katika pendekezo lao kijenzi kilielezwa kwa kazi kinachoifanya, kitu kinachokitendea kazi hiyo, mahali data inapokaa, aina ya mfumo, eneo la shughuli na mazingira ya matumizi. Kila kipengele kilikuwa na orodha maalumu ya istilahi, na mfumo ulipima ukaribu wa istilahi hizo, hivi kwamba aliyekosa alichokiomba angeonyeshwa kilicho jirani yake. Ninaupenda mpango huu kwa sababu unamlazimisha mwenye ghala kutangulia kufikiri, lakini ndiyo kasoro yake pia: lazima awepo mtu wa kuziunda orodha hizo, kuzitunza, na kukiainisha kila kijenzi kipya kinachoingia.

Mabaki ya fikra hiyo yanaonekana katika maghala ya leo. PyPI ina orodha maalumu ya viainishi, ambavyo hueleza hatua ya maendeleo ambayo kifurushi kimefikia, hadhira yake, leseni, matoleo ya Python kinayoyakubali na mada yake, na tovuti yake inaruhusu kuchuja matokeo kwa viainishi hivyo. Ghala la crates.io la lugha ya Rust humruhusu mwandishi kuweka maneno muhimu yasiyozidi matano, pamoja na makundi yanayochaguliwa kutoka katika orodha iliyopangwa. Huduma hizi zinakataa vizuri kwa mambo ya nje. Ninayetaka leseni fulani, au kifurushi kinachokubali toleo fulani la lugha, nitapunguza orodha kwa mibofyo michache. Kwa mambo ya ndani hazinifikishi popote, kwa sababu chini ya mada ya uchakataji wa maandishi umbali wa Levenshtein umekaa pamoja na programu za kupanga aya na za kutafsiri. Tena viainishi huandikwa na mwandishi mwenyewe. Ghala huhakikisha kwamba kiainishi kimo katika orodha, lakini ukweli wake haulihusu.

Wanaoshindana kuhusu maneno huru na vipengele wanapaswa kuukumbuka utafiti wa William Frakes na Thomas Pole wa mwaka 1994. Watu 35 walitafuta zana za Unix katika hifadhi iliyoainishwa kwa njia nne: maneno muhimu, orodha ya matawi, vipengele, na jozi za sifa na thamani. Katika ubora wa matokeo haikuonekana tofauti kubwa ya maana kati ya njia hizo. Tofauti ilikuwa katika muda uliotumika, na kila njia iliibua vijenzi ambavyo nyingine hazikuviibua. Kwangu maana yake ni kwamba kubadilisha lebo, hata kwa ustadi mkubwa, hakubadilishi sana hali ya mtafutaji, kwa sababu lebo ni maneno ya mtu kuhusu msimbo, si msimbo wenyewe.

Huduma zinazotafuta ndani ya msimbo ni jamii nyingine kabisa. Google iliwahi kuwa na utafutaji wa namna hiyo kuanzia mwaka 2006 hadi ulipofungwa mwaka 2012, na mmoja wa waliouunda, Russ Cox, alieleza baadaye jinsi faharasa ya vipande vya herufi tatutatu ilivyowezesha kutafuta kwa ruwaza (umbo la maandishi badala ya neno kamili) katika msimbo mwingi kwa muda mfupi. Leo nafasi hiyo imeshikwa zaidi na GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa miradi, ambayo injini yake mpya, iliyoandikwa kwa Rust, ilifunguliwa kwa watumiaji wote Mei 2023. Inakubali ruwaza, inaweza kubanwa kwa lugha, kwa njia ya faili au kwa jina la alama iliyofafanuliwa ndani ya msimbo, na hutafuta katika tawi kuu la kila hazina ya msimbo peke yake.

Kama chombo cha kupatia kijenzi, ninaipa alama za kati. Nikiandika jina la fanksheni, ninaletewa nakala nyingi za msimbo uleule zilizobandikwa katika miradi isiyohusiana, baadhi bila leseni yoyote, na msimbo usio na leseni hauruhusiwi kuchukuliwa hata kama unasomeka na kila mtu. Kama chombo cha kukatalia, hata hivyo, inapita nilivyotarajia. Nikishakuwa na majina mawili matatu ya maktaba, yaani mikusanyo ya fanksheni, ninatafuta mahali ambapo wengine wameziita, kisha ninasoma msimbo unaozunguka mwito huo: nani alilazimika kugeuza herufi zote kuwa ndogo kabla ya kuita, nani aliweka ukomo wa urefu, nani aliandika maoni ya kulalamikia kasi. Matumizi halisi yanasema mambo ambayo maelezo ya kifurushi huyanyamazia.

Maven Central, ghala la ulimwengu wa Java, inastahili kutajwa kwa jambo moja. Utafutaji wake wa miaka mingi uliruhusu kuuliza kwa jina la darasa (kundi la msimbo lenye jina lake) lililomo ndani ya kifurushi, na hata kwa alama ya SHA-1 ya faili, ambayo hukokotolewa kutokana na maudhui yake, hivyo mtu aliyekuta faili lisilo na jina katika mradi wa zamani aliweza kujua ni kitu gani na ni toleo lipi. Kwa kazi yangu, jina la darasa la LevenshteinDistance linafikisha kwenye maktaba ya Apache Commons Text. Wanaotafuta kwa maneno wanaweza kuangukia kwanza fanksheni ya zamani iliyomo katika Commons Lang, ambayo watunzaji wake walishatangaza kwamba isitumike tena katika kazi mpya. Tangazo hilo limo katika nyaraka za maktaba, na huko ndiko mtafutaji anakopaswa kulifuata.

Sasa nifike kwenye huduma niliyoifurahia kuliko nyingine zote, Hoogle, iliyoanzishwa na Neil Mitchell kwa ajili ya lugha ya Haskell. Mbali na kupokea majina, Hoogle hupokea aina: mtafutaji anaeleza fanksheni anayoitaka inapokea nini na inarudisha nini, na injini huleta zile zenye umbo hilo au lililo karibu nalo. Msingi wa kitaaluma uliwekwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti kama Mikael Rittri, ambaye alitambua kwamba mtafutaji hawezi kujua mwandishi alipanga hoja za fanksheni (vitu inavyopokea) kwa utaratibu gani, na kwa hiyo mashine inapaswa kuzihesabu aina zinazotofautiana kwa mpangilio tu kuwa ni kitu kimoja. Tatizo la msamiati linatoweka kwa sehemu kubwa. Sihitaji tena kujua jina la ukoo la mtu yeyote; ninaandika kwamba nina matini mbili na ninataka namba kamili.

Aina niliyoiandika inaifaa fanksheni ya levenshtein iliyomo katika maktaba ya text-metrics, na hiyo ni furaha. Inaifaa pia damerauLevenshtein ya maktaba hiyohiyo, ambayo huhesabu kubadilishana nafasi kwa herufi mbili jirani kuwa badiliko moja. Na inaifaa fanksheni ya count katika maktaba ya kawaida ya matini, ambayo kazi yake ni kuhesabu matini moja inaonekana mara ngapi ndani ya nyingine, jambo lisilohusiana kabisa na ninachokitaka. Aina haziwezi kuzitenganisha hizi tatu. Lakini tazama kinachotokea kwa hamming, ambayo pia imo katika text-metrics: yenyewe hairudishi namba tupu, bali namba ambayo huenda isiwepo, kwa sababu umbali wa Hamming hupimwa kati ya maneno yenye urefu sawa tu. Sharti hilo limeandikwa katika aina. Mtafutaji analiona katika mstari wa matokeo, kabla ya kufungua ukurasa wowote, na anaikataa papo hapo. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta katika tathmini nzima: tokeo ambalo limebeba ndani yake sababu ya kuliacha.

Udhaifu wa Hoogle ni wa wazi. Inahudumia lugha moja ambayo aina zake husema mengi. Katika lugha ambazo aina hazitangazwi, au ambazo kila kitu hupita kama matini na namba, mbinu hii hupoteza makali. Watafiti Amy Zaremski na Jeannette Wing walijaribu katika miaka ya 1990 kwenda mbele zaidi, kwa kulinganisha vijenzi kwa masharti ya kimantiki yanayoelezea hali kabla na baada ya fanksheni kufanya kazi, huku kithibitishi cha nadharia (programu ya kuthibitisha kimantiki) kikiamua kama kimoja kinaweza kuchukua nafasi ya kingine. Ni kazi safi, ila inamtaka kila mwandishi aandike masharti rasmi ya msimbo wake, na waandishi hawafanyi hivyo.

Njia inayobaki ni kuuliza kwa mifano. Andy Podgurski na Lynn Pierce waliieleza mwaka 1993: mtafutaji anatoa data chache za kuingiza pamoja na majibu anayoyatarajia, mashine inaviendesha vijenzi vyote vyenye aina inayolingana, na vinavyotoa majibu mengine vinaachwa. Mazingira ya Squeak, ya lugha ya Smalltalk, yana chombo cha namna hiyo kwa ajili ya metodi (fanksheni) zake yenyewe. Unaandika 3, 4 na 7, nacho kinakutajia metodi zinazotoka kwenye 3 na 4 kufikia 7. Mfano huo unafunza, kwa sababu kujumlisha si jibu pekee: 3 na 4 zikiunganishwa kwa "au" ya biti pia zinatoa 7, na "au" ya upande mmoja tu inatoa 7 vilevile. Anayetoa mfano mmoja anapata kikundi. Anayechagua mifano kwa akili anapata kitu kimoja.

Nikirudi kwenye kazi yangu, mfano wa "kitabu" na "vitabu" wenye jibu 1 hautoshi, kwa kuwa Levenshtein, Damerau na Hamming wote wanakubaliana hapo. Nikiongeza "mtu" na "watu" wenye jibu 2, Hamming anaondoka. Inapendeza kwamba anaondoka kwa njia tofauti kulingana na maktaba: ile ya Haskell inakataa kujibu kwa sababu urefu hautoshani, ilhali jellyfish ya Python imelegeza sharti hilo na kuihesabu herufi iliyozidi kuwa tofauti, hivyo ingetoa 4. Jina ni moja na tabia ni mbili, nao mfano umezinasa zote. Nikiongeza "kitabu" na "ktiabu", Levenshtein anasema 2 na Damerau anasema 1, kwa hiyo nao wametengana. Ninaweza kuongeza mfano wa nne, wa herufi é dhidi ya e, ambao jibu lake linapaswa kuwa 1. Fanksheni ya levenshtein iliyojengwa ndani ya PHP inahesabu baiti, na katika UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuhifadhi herufi kwa baiti, herufi é huchukua baiti mbili, kwa hiyo ingetoa 2. Mifano minne, ambayo yeyote anaweza kuiandika bila kujua istilahi hata moja, imefanya kazi ambayo kurasa nyingi za nyaraka hazikuifanya.

Kwa nini basi hakuna ghala kubwa linalotoa huduma hii kwa umma? Sababu ya kwanza ni usalama: kuendesha msimbo wa watu wasiojulikana ili kuona unafanya nini ni jambo la hatari, na hata Squeak hujifunga kwenye orodha ya metodi zilizoidhinishwa kwa sababu metodi fulani zikiitwa ovyo zinaweza kuharibu mfumo mzima. Sababu ya pili ni kwamba vijenzi vingi si fanksheni za matini na namba. Kijenzi cha kuunganisha na hifadhidata hakiwezi kujaribiwa bila hifadhidata. Steven Reiss aliionyesha mwaka 2009 njia ya kutumia majaribio na aina kwa pamoja, huku msimbo uliopatikana ukigeuzwa kidogo ili ulingane na ombi, lakini mfumo wake ulibaki kuwa wa utafiti.

Wasomaji wengi watauliza kuhusu modeli za lugha, yaani programu za akili unde zinazojibu maswali kwa maandishi, ambazo zimekuwa kituo cha kwanza cha watu wengi. Mwanzo wake katika eneo hili unaonekana katika mikusanyo kama CodeSearchNet, iliyotolewa na GitHub mwaka 2019 ikiwa na fanksheni takriban milioni 6 za lugha sita za programu, ili kufunza mashine kuoanisha maelezo ya lugha ya kawaida na msimbo hata pale ambapo hayashiriki neno lolote. Kwa tatizo la msamiati, modeli hizi ni maendeleo ya kweli. Nikieleza ninachokitaka kwa Kiswahili cha kawaida, ninapewa jina la Levenshtein na maktaba mbili tatu, na kwa hatua hiyo ya kwanza sina huduma nyingine ya kuipendekeza zaidi.

Hata hivyo, jibu la modeli linakuja kwa sauti ileile ya uhakika, liwe sahihi au la. Imeonekana mara nyingi kwamba modeli hutaja vifurushi ambavyo havipo, na kwamba baadhi ya majina hayo ya kubuni hujirudia, jambo linalompa mlaghai nafasi ya kulisajili jina hilo na kumsubiri atakayelifuata. Yaani tatizo la jeIlyfish limerudi kwa mlango mwingine, safari hii bila hata kosa la macho. Kwa hiyo jina lolote lililotolewa na modeli lisisakinishwe kabla ya kuonekana katika ghala lenyewe, likiwa na historia ya matoleo na hazina ya msimbo inayolingana nalo. Kwa uhakiki huo ninapendekeza deps.dev ya Google, ambayo katika ukurasa mmoja huonyesha leseni, tahadhari za usalama zilizotangazwa, vifurushi vinavyotegemewa na alama za Scorecard ya OpenSSF, kipimo cha desturi za usalama za mradi. Haitafuti kwa maana kamili ya neno, lakini inakataa kwa bidii.

Ghala ambalo ninaliona kuwa karibu zaidi na huduma ninayoitamani ni crates.io, ingawa lenyewe halijitangazi hivyo. Katika Rust, mifano inayoandikwa ndani ya nyaraka za fanksheni hukusanywa na kuendeshwa kama majaribio mwandishi anapotoa amri ya kujaribu kifurushi chake, na nyaraka za vifurushi vilivyomo ghalani hujengwa na kuwekwa wazi kwenye docs.rs. Maana yake ni kwamba tayari kuna hazina kubwa ya mifano ya data na majibu ambayo waandishi wenyewe wana njia rahisi ya kuihakikisha. Kuifanyia faharasa mifano hiyo hakungehitaji kuendesha msimbo wa mtu yeyote, na mtafutaji angeweza kuandika "mtu", "watu" na 2 katika kisanduku kilekile ambacho leo kinamdai jina la mwanahisabati.